Leseni ya Sauti ya Mama

Mtu akinitajia kitabu cha kompyuta, na siku hizi wanaokitaja ni wengi, mimi humsikiliza kwa heshima zote, halafu humuuliza swali moja tu: hicho kitabu ni chenu, au mmekodishiwa? Wengi hucheka. Huniona mama wa zamani anayeogopa mashine. Mashine siziogopi, wallahi. Ninaogopa maneno matamu yanayokuja pamoja na mashine, na zaidi ninayaogopa yanapotoka kinywani mwa mtu wako mwenyewe.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa mhudumu katika maktaba ndogo ya umma huku kwetu pwani ya kusini, kando ya barabara iendayo Msambweni. Ilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye paa la mabati, meza ndefu mbili, na feni iliyozunguka inapojisikia. Nilikuwa nikigonga mihuri, nikipanga vitabu, nikishona vilivyochanika, na kuwafokea wanafunzi walioingia na embe bichi na chumvi ya pilipili kiganjani. Nilikuwa mkali, sikatai. Watoto walinipachika jina ambalo sitaliandika hapa.

Vitabu vyetu vilikuwa vikifika kwa njia mbili. Vichache vilinunuliwa, navyo vilikuwa vya shule. Vingine vilikuja kwa maboksi, msaada kutoka ng'ambo, na ukifungua boksi unakuta kitabu cha kumfundisha mtu kuteleza juu ya theluji. Theluji, Msambweni! Tulivigonga mihuri vyote. Na kitabu kikishagongwa muhuri kilikuwa chetu. Mvuvi wa Bodo alikiazima akakitia kwenye pakacha lake, kikarudi kinanuka samaki wa ng'onda, nami nikakifuta, nikakianika, nikakirudisha rafuni. Mchwa walivila vingine, watoto wa skimu, yale mashamba waliyogawiwa wabara, walivimwagia uji vingine, lakini hata siku moja sikuona kitabu kikifunga kurasa zake chenyewe kwa sababu mtu wa mbali ameamua. Jambo hilo lisingeniingia akilini hata ungeniapia.

Mkuu wa maktaba alikuwa kaka yangu. Hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yake alipojifungua aliugua sana, maziwa yakamkauka, na mamangu, aliyekuwa jirani yao na aliyekuwa akininyonyesha mimi wakati ule, akamchukua yule mtoto akamweka upande wa pili. Alinyonya kwa mama mpaka akaanza kutambaa. Kwetu hilo halikuwa fadhila ya kushukuriwa kisha ikasahauliwa. Waliokunywa ziwa moja ni ndugu, hawaoani, na aliyekunyonyesha ni mama yako, basi. Alipopelekwa kusomea kazi ya ukutubi, mama alizunguka mtaa mzima akisema, "Mwanangu anakwenda kusomea vitabu." Aliporudi kuwa mkuu, mimi ndiye mtu wa kwanza aliyemwajiri. Nilimpenda kaka yule. Nilijivunia hata namna alivyokuwa akifunga vishikizo vya mikono ya shati lake kwenye joto lile.

Na mama alikuwa mtoa ngano. Si kwamba wengine hawakuwa wakizijua, lakini mama alikuwa akizitoa na nyimbo zake, na kila mnyama na sauti yake, mpaka watu wazima waliokuja kuomba moto walisahau moto wenyewe. Nilikuwa nikiipenda ile ya kaa aliyeposa binti wa watu kule mikokoni, akaja harusini kwa upande, na wakwe wakaona aibu kumwambia anyooke. Mama alikuwa akimwimba kaa kwa sauti nyembamba ya puani, unacheka huku unamhurumia. Maktabani hatukuwa na kitabu hata kimoja chenye ngano hizo. Mtoto akija kuniuliza nilimwambia aende nyumbani kwa mama akamwombe.

Nilipobeba mimba ya mwanangu wa kwanza, mama alianza kukohoa, kisha sauti ikaanza kukwaruza. Tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mtu mpole. Alituambia kuna uvimbe kooni, kwamba wakiukata atapona, lakini kisanduku cha sauti kitaondoka pamoja nao. Mama alimuuliza kama atabakiwa na sauti ndogo, hata ya kunong'ona. Daktari akasema atabakiwa na pumzi. Tulipotoka nje mama alikaa juu ya ukuta mfupi wa hospitali, akaniangalia tumbo.

"Huyu hatanisikia," alisema.

Mama hakuwa mtu wa kulia ovyo, na hakulia siku ile, ila alirudia tena maneno yale yale njiani, na tena tulipofika nyumbani, kama mtu anayejaribu kuyazoea. Mimi ndiye niliyelia, jikoni, nikijisingizia moshi.

Kaka alipopata habari alikuja mbio. Akatuambia kuna kampuni moja ya kutengeneza vitabu vya kompyuta, watu wake wamefika Diani na wanatafuta hadithi za pwani. Wangemrekodi mama, wangeandika maneno yake, na vyote, maandishi na sauti, wangevitia ndani ya diski moja nyembamba inayong'aa. Mtu angefungua kompyuta asome huku anamsikia mama mwenyewe akisema. Na maktaba yetu ingepewa kompyuta na diski hiyo, jina la maktaba likiwa juu yake kama mchapishaji.

"Mama," akasema, amemshika mikono yote miwili, "mjukuu wako atakusikia. Na wa kwake atakusikia."

Mama alimkumbatia. Mimi, kwa kazi niliyoizoea, niliuliza maswali ya kazi. Nilimuuliza kanda zitabaki kwa nani. Nilimuuliza kama hatungeweza kuwa na kaseti moja tu ya nyumbani, ya kuweka kabatini.

"Dada, kaseti zinaliwa na ukungu," akasema. "Maktaba ndiyo kabati lenyewe. Kuna kitu kilichowahi kupotea maktabani mikononi mwako?"

Nilicheka, kwa sababu kweli hakikuwahi. Na kabla sijaongeza neno, mama akanigeukia: "We! Usimhoji mwanangu kipolisi. Mtoto wa ziwa langu nimuombe karatasi?" Nikayaacha maswali. Hapo ndipo tulipofungwa, na sioni hata leo tungefanyaje. Kumtaka mtoto uliyemnyonyesha aseme masharti yake mbele ya mashahidi ni kumwambia kwamba maziwa yako unayatilia shaka. Hakuna mama wa huku atakayeyasema hayo. Kaka alikuwa akilijua hilo vizuri kama sisi.

Kukawa na tatizo moja. Kwetu ngano hazitolewi mchana. Tulipokuwa watoto tuliambiwa atakayezitoa mchana ataota pembe, na kuna siku nilijipapasa kichwa chote kwa sababu nilimnong'onezea mwenzangu kidogo tu. Sasa wale watu wa kampuni walilala hoteli Diani na walitaka kazi imalizike kabla ya alasiri. Kaka alimbembeleza mama kwamba mambo hayo ni ya kizamani. Mama akamwambia mchana utolewe, basi, naye atatoa ngano.

Ikabidi tuutoe mchana. Tulifunga mlango wa maktaba na madirisha yote, mama akavua leso zake akaziangika kwenye kila ufa uliopitisha mwanga, akawasha koroboi aliyokuja nayo kutoka nyumbani akaiweka katikati ya meza ya kusomea. Kaka alipiga kelele, moto kati ya vitabu! Mama akamwambia, "Usiku bila taa tutaonanaje?" Basi tukakaa mle, adhuhuri ya Msambweni, mabati yanachemka juu yetu, feni imezimwa isiingie kwenye kanda, na jasho linatutiririka mpaka miguuni. Binti mmoja wa Kizungu wa ile kampuni, aliyeshika mashine ya kurekodi, alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, maskini, lakini alivumilia.

Alituomba tuwe kimya kabisa. Mama akaanza, "Paukwa!" Kimya. Akangoja. "Paukwa!" Kimya. Akaweka mikono kiunoni.

"Namtolea nani? Ukuta?"

Binti akajaribu kueleza kwamba mashine inataka sauti moja. Mama akasema ngano isiyoitikiwa ni mtu anayeongea peke yake, na mtu anayeongea peke yake hupelekwa kwa mganga. Tulicheka wote, kaka akacheka mpaka akafuta macho. Mwisho wakakubali niitikie mimi. Kwa hiyo katika zile kanda zote, mama akisema paukwa, yule anayesema pakawa ni mimi, na mimba yangu, na hamu yangu ya maji.

Tulikwenda hivyo siku baada ya siku, mama akijisukuma, sauti ikimkatika akinywa maji ya uvuguvugu na asali kisha anaendelea. Alimaliza zote alizokuwa akizikumbuka. Siku ya mwisho aliikwaruza ile ya kaa mpaka nikamwomba aache, akakataa, akaimba wimbo wote. Kisha akapuliza koroboi mwenyewe, akafungua dirisha, akasema, "Haya. Nimeweka." Akampiga kaka begani. Wiki iliyofuata madaktari wakamkata.

Alirudi nyumbani na bandeji shingoni, na alipofungua kinywa ikatoka pumzi tu kama daktari alivyosema. Akatufundisha lugha ya mikono yake. Mimi nilikuwa kidole kimoja shavuni. Kaka alikuwa kiganja juu ya ziwa. Mwanangu alipozaliwa, msichana, mama alimbeba akamtikisia midomo bila sauti, na mtoto akamwangalia midomo kwa makini. Nilitoka nje. Sikuweza kutazama.

Lakini tulikuwa na diski yetu iliyokuwa njiani, na ilipofika ilifika kwa shangwe. Watu wakubwa wa wilaya walikuja, tukapika mahamri, madafu yakakatwa. Kompyuta ilifunikwa kitambaa kama bibi harusi. Kaka alisimama akasema sauti hii haitapotea tena, itakuwa ya watoto wote wa Kwale. Watu wakapiga makofi. Mama alikaa mstari wa mbele, amejitanda leso mpya, anachezesha kidole juu ya goti.

Nilianza kuona mambo siku ile ile, ila sikutaka kuyaona. Juu ya kasha la diski walichora nyumba ya msonge na twiga. Twiga! Ngano zote ni za mikokoni na kisimani, twiga amepita wapi? Jina la mama halikuwapo, picha yake haikuwapo. Jina la maktaba lilikuwapo kwa nyuma, dogo, chini kabisa. Halafu kaka akatusomea taratibu. Diski haitoki nje ya maktaba. Hainakiliwi. Haipigwi kwa spika; anayesikiliza atavaa hedifoni, na ni msomaji mmoja kwa wakati mmoja.

"Mmoja?" niliuliza. "Ngano?"

"Ndivyo vinavyoazimwa vitabu hivi, dada. Kitabu cha karatasi nacho si husomwa na mmoja?"

Kwa ulimi hukumshinda. Basi watoto wakapanga foleni mpaka nje, wa kwetu na wa wabara kutoka skimu, na kila mmoja akawa anakaa peke yake mbele ya kioo akicheka peke yake, wengine wakimuuliza, "Anasema nini? Anasema nini?" Mama naye alikuja kujisikiliza. Alivaa hedifoni, akafumba macho. Niliona midomo yake ikienda sambamba na sauti niliyokuwa siisikii. Akawa anakuja kila wiki, anangoja zamu yake kwenye foleni na watoto, hakutaka kupendelewa. Nilijaribu kumvisha mwanangu zile hedifoni, zikamporomoka mpaka shingoni akalia. Mama akaonyesha kwa mkono: akikua kidogo. Akianza kusema. Alitaka mtoto awe na uwezo wa kuitikia. Alitaka paukwa yake ijibiwe na mjukuu wake, hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na tulijua kwamba tuna wakati.

Watu huniuliza mbona sikubandika redio kaseti kwenye ile hedifoni nikanakili. Kwa nini ninakili? Nani hunakili kitabu chake mwenyewe kilicho rafuni kwake, ambacho ndiye anayekifungulia mlango asubuhi na kukifungia jioni?

Kabla mwaka haujaisha kaka aliacha kazi ya maktaba. Alituambia amepata kazi na ile kampuni, ofisi yake iko Diani, na mama alifurahi akamwombea dua kwa mikono. Mwanangu akaanza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji", na la pili lilikuwa jina la paka wa jirani. Mama alimfundisha kwa midomo na mimi nikiweka sauti, mpaka akaweza kusema "pakawa", kwa kulikoroga kidogo, na kila akisema mama alipiga makofi.

Tukampeleka maktabani asubuhi, akiwa amevaa gauni la Idi. Mama alimpakata mbele ya kompyuta. Nikatia diski. Twiga akatokea, kama kawaida, kisha badala ya orodha ya ngano kikatokea kisanduku cha maandishi ya Kiingereza. Nilikisoma. Nikakisoma tena. Kilisema muda wa leseni ya maktaba umekwisha, na anayetaka kuendelea kusoma awasiliane na mwenye kitabu.

Mama akanigusa mkono: vipi?

Nilimwambia mashine imeharibika. Nilitoa diski nikaifuta kwa leso, nikairudisha. Nikazima kompyuta nikaiwasha. Nikakumbuka kwamba ile mashine ina tarehe yake ndani, nikairudisha nyuma mwaka mzima, lakini diski ilikuwa imeshanijua. Ikatoa kile kisanduku kile kile. Mtoto alikuwa amechoka kungoja. Akasema "pakawa" mwenyewe, bila kuulizwa, akiangalia kioo. Mama akambusu kichwani akasimama, akaonyesha kwamba watarudi kesho.

Mimi sikungoja kesho. Nilifunga maktaba mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikapanda gari mpaka Ukunda, nikashuka kwa miguu hadi ufukweni Diani kwenye hoteli niliyoambiwa kaka anafanyia shughuli zake. Askari wa getini akaniuliza nakwenda kwa nani. Nilipomtaja kaka akanipisha kwa adabu, kumbe ni bwana mkubwa pale.

Nilimsikia mama kabla sijamwona kaka. Mapokezi yale yalikuwa wazi pande zote, sakafu inang'aa, na wageni wamekaa kwenye viti vya mianzi na chai yao ya saa kumi, keki kwenye visahani. Na mamangu anaimba. Sauti yake ya puani, ya kaa, inatoka kwenye spika mbili kubwa na kuenea ukumbi mzima, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa. Nikashika nguzo. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa sijaisikia sauti ile ikiwa hewani, nje ya masikio ya mtu mmoja. Halafu nikajisikia mimi mwenyewe nikiitikia.

Kaka alikuwa nyuma ya meza yenye kompyuta na diski zilizopangwa kama sabuni dukani, kila moja na twiga wake. Alisimama kwa furaha. "Dada! Karibu, karibu kiti."

"Zima."

"Nini?"

"Mzime mama. Watu wanakula keki."

Alipunguza sauti. Hakuzima. Nikamwambia diski ya maktaba imekataa, na mtoto alikuwa amevalishwa gauni.

"Haijakataa," akasema polepole. "Ni leseni iliyokwisha. Dada, maktaba haikukinunua kile kitabu. Ilipewa ruhusa ya kukisoma mwaka mmoja. Vitabu hivi ndivyo vilivyo, duniani kote vinakwenda huko. Baraza la wilaya lilitakiwa kulipia upya. Halikulipa."

"Tulipokipikia mahamri kitabu chetu, ulijua kwamba si chetu?"

Akaangalia zile diski. "Nilijua."

"Na mama alipokuwa anatoka jasho mle ndani, anakohoa, ulijua?"

"Nilijua, dada. Lakini bila hivyo wasingekuja kabisa. Nikaona bora mwaka kuliko kukosa."

"Mbona hukutuambia?"

"Mngekataa."

"Tungekataa ndiyo!" Sasa wageni waligeuka. "Tungekataa, tungeazima redio kaseti ya jirani, mama angeongea nayo jikoni mpaka sauti imwishe, na leo tungekuwa nayo! Ulituona wajinga? Ulijua hatutakuuliza, ukakaa juu ya kujua kwako!"

Alinishika mkono anipeleke pembeni. Nilimtikisa. Nikamtaka anipe kanda, akasema kanda ni mali ya kampuni, ziko ng'ambo, hata yeye haruhusiwi kuzigusa. Kisha, Mungu ni shahidi wangu, akachukua diski moja pale mezani akanipa. "Mpelekee mama. Zawadi yangu."

"Nyumbani hatuna umeme, kaka. Tuitie kwenye jiko la makaa?"

"Ipo siku mtakuwa nao."

"Niitie kwenye kompyuta ya maktaba?"

Akakohoa kidogo. "Hizi ni za mtu binafsi. Haziruhusiwi maktabani."

Nilimwangalia yule mtu niliyenyonya naye. Alikuwa na uso ule ule, vishikizo vile vile. Nilitamani kumpiga, na nilitamani aseme neno moja litakalonifanya nimrudie, na sijui ni lipi nililolitamani zaidi. Alichosema ni, "Ni mama yangu pia." Nikaiacha diski juu ya meza nikaondoka, na mpaka ninafika getini mama alikuwa akiniuliza paukwa nami nikimjibu.

Mama nilimweleza yote. Nilijaribu kupunguza, nikashindwa, nilikuwa na hasira mno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliweka kiganja juu ya ziwa, akanitazama: yeye? Nikasema ndiyo, yeye, tangu mwanzo. Akauliza tena vile vile. Nikasema ndiyo. Akauteremsha mkono, na toka siku ile sikumwona akiufanya ule mkono tena. Diski niliirudisha kwenye kasha lake, nikaiweka rafuni mahali pake. Watoto walikuja kuiulizia kwa miezi. Niliwaambia imefungwa, wakaniuliza nani ameifunga, nami ninayewafokea kila siku nikageukia mihuri yangu.

Kaka hakuja tena mpaka Idi. Alikuwa haikosi Idi ya mama hata alipokuwa masomoni. Tulikuwa uani, mama kwenye mkeka na mwanangu mapajani, mimi nakatakata vitunguu. Aliingia moja kwa moja hadi ndani kama alivyoingia maisha yake yote, mtoto wa nyumba, amebeba halua kwenye kikasha na doti ya leso.

"Idi njema, mama. Shikamoo."

Mama alimwinua mtoto akamweka kando. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele zake za mvi zimesukwa kwa ajili ya sikukuu, mabega wazi, kama anavyokaa mwanamke mbele ya wanawe. Alivuta leso yake kutoka kiunoni, akajifunika kichwa, kisha mabega, kisha uso wote hadi yakabaki macho, kama ajifunikavyo mwanamke aliyeingiliwa na mwanamume wa kando. Akageukia ukuta. Hata sheikh angemwambia kwamba haimlazimu, kwamba ziwa halifutiki kisheria. Alikuwa akilijua hilo. Alijifunika tu.

"Mama, ni mimi," kaka akasema. "Mama. Ni mimi."

Leso haikutikisika. Kaka alinitazama mimi, nami nikaendelea na vitunguu. Akaweka halua chini, akaiokota tena, hakujua aiweke wapi. Mwisho akarudi nyuma, akatoka, nikamsikia akisimama nje ya mlango wa mbele. Nilidhani amekwenda. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alibisha kwenye nyumba ile.

"Hodi," alisema. "Hodi wenyewe."

Mama hakuwa na sauti ya kumkaribisha. Mimi nilikuwa nayo. Mwanangu alimtazama bibi yake, kisha akanitazama mimi, akingoja mmoja wetu aitikie.